Boda wangu wanapotea kila siku: ninunue mfumo wa GPS?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunafuga kuku wa nyama Kasangati. Tunachinja wenyewe na kupelekea wateja wa Kampala na Wakiso: mahoteli madogo, vibanda vya chipsi na majumbani. Kwa siku tuna oda 30 hadi 40 na vijana watatu wa boda. Kila siku ni simu tu: 'Bosi, nimefika Kisaasi, sasa niende wapi?' Mafuta yanaisha, kuku wanafika barafu imeshayeyuka, na hoteli mbili zimetuacha. Wateja wanatuma lokesheni kwa WhatsApp lakini mara nyingi inampeleka kijana nyuma ya nyumba au mtaa mwingine kabisa. Sasa amekuja mtu anauza mfumo wa GPS, vifaa vitatu vya kufunga kwenye pikipiki na malipo ya kila mwezi. Anasema utamaliza shida zote. Ramani ya Google nimejaribu, naona haiijui Uganda. Ninunue huo mfumo? Kama sivyo, nianzie wapi?"

Dada yangu, usilipe chochote kwanza. Mfumo anaokuuzia huyo bwana unaweza kuwa mzuri kwa kazi yake, ila kazi yake si hii inayokuumiza wewe. Kile kifaa cha kufunga kwenye pikipiki, ambacho wengi wanakiita traka, kinakuonyesha wewe uliye Kasangati kwamba kijana wako yuko Kisaasi. Hakimwonyeshi kijana geti la mteja liko wapi. Ukikinunua leo, kesho utakuwa unamtazama kwenye skrini akiendelea kupotea.

Kwa jinsi ulivyoeleza, una matatizo mawili yaliyochanganyika. Kwanza, hamjui wateja wenu walipo kwa usahihi unaomtosha mtu aliye juu ya pikipiki. Pili, hata pale mnapojua, hakuna anayepanga nani aanze na nani afuate. La kwanza ndilo kubwa, na dawa yake ni simu mlizonazo, jedwali moja, na wiki mbili tatu za kusimamia jambo bila kulegea.

Nianze na hilo la ramani kutoijua Uganda, maana nalisikia sana. Barabara za Kampala na Wakiso zimo kwenye Google na kwenye OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wenyewe), nyingi kuliko unavyodhani, hata za vumbi. Kinachokosekana ni anwani. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, imeweka vibao vya majina ya barabara na namba za nyumba katika sehemu za jiji, lakini ukishatoka kwenda Kira, Najjera au Namugongo watu wanaelekezana kwa steji, kwa kanisa, kwa duka la dawa, au "ulizia kwa mwenyekiti wa LC", yaani wa serikali ya mtaa. Sasa wewe ukiandika "Najjera", programu haina la kufanya ila kukupa nukta moja katikati ya eneo lenye jina hilo, na mteja wako anaweza kuwa kilomita moja au mbili kutoka hapo. Umeiuliza mtaa, imekujibu mtaa. Tena kuna majina yanayojirudia: Bukasa iko Muyenga na nyingine iko Kirinya upande wa Bweyogerere, Kawuku iko barabara ya Ggaba na nyingine iko barabara ya Entebbe. Kijana aliyeandikiwa "Kawuku" peke yake anaweza kuvuka mji mzima kabla hajakupigia.

Kwa hiyo jina la mtaa liwe la kusaidia kumbukumbu tu. Anayepelekewa mzigo apatikane kwa pini, yaani ile alama ya mahali kwenye ramani.

Sasa kwa nini pini za wateja wako zinadanganya? Sababu ziko tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza: pini inaonyesha simu ilipo wakati ujumbe unatumwa. Mteja anayeagiza akiwa ofisini Nakasero, kuku wakitakiwa Kyanja, anakutumia Nakasero bila kujua. Wengine wanatuma lokesheni ya moja kwa moja, ile inayodumu dakika 15, saa 1 au saa 8. Hiyo humfuata mwenye simu kila anakokwenda, na kijana wako ataifuata sokoni. Kila oda mpya muulize mteja swali moja kabla ya lingine lolote: "Hapo ulipo sasa ndipo kuku wanapokuja?"

Ya pili ni usahihi wa simu yenyewe. Simu hupima umbali wake kutoka setilaiti zisizopungua nne ili ijue ilipo, na mtu akiwa uwanjani, mbingu ikiwa wazi, inakosea mita tano hivi. Ndani ya nyumba ya ghorofa au chini ya paa la mabati mawimbi hayapenyi vizuri, au yanadunda kwenye kuta na kufika yakiwa yamechelewa, na simu huhesabu huko kuchelewa kama umbali. Ikikosa setilaiti kabisa hubahatisha kwa minara ya mtandao na Wi-Fi, na hapo kosa linaweza kufika mamia ya mita. Mwenye simu ya Android 12 au zaidi anaweza pia kuwa ameiruhusu programu ijue mahali pa kukadiria tu, yaani popote ndani ya eneo la kilomita 3 hivi za mraba. Habari njema ni kwamba WhatsApp yenyewe inakuambia: mtu anapotaka kutuma mahali alipo, chini ya kitufe huandikwa usahihi ni mita ngapi. Mwombe mteja atoke nje hadi getini, asubiri nusu dakika, atume mahali alipo pale namba hiyo inapokuwa chini ya 15.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi, na ndiyo iliyompeleka kijana wako nyuma ya nyumba. Ramani inayoelekeza njia haioni nyumba wala ukuta. Inachokiona ni mistari ya barabara na sehemu inapokutana. Ukiipa pini iliyo juu ya paa, inatafuta mstari wa barabara ulio karibu zaidi na pini hiyo, kisha inakupeleka hapo. Chukua nyumba ya Kyanja yenye geti kwenye njia ya mbele na kiwanja kirefu, ukuta wake wa nyuma ukigusana na njia nyingine ya vumbi. Chumba cha kulala alikokaa mteja akituma lokesheni kiko mita 12 kutoka njia ya nyuma na mita 30 kutoka ya mbele. Programu itachagua ya nyuma bila kusita. Kijana anaambiwa "umefika", anaona ukuta na mtaro, anapiga simu, mteja anasema "mimi nipo getini sikuoni", na dakika kumi zimeenda. Ramani haikukosea hesabu, bali ilipewa nukta isiyofaa.

Ndiyo maana pini ya kazi lazima iwe ya geti. Wala usiitegemee ile ya mteja kwa muda mrefu. Anayefaa kuiweka ni kijana wako siku anapofika mara ya kwanza. Akisimama mbele ya geti, kabla ya kushusha mzigo, atume mahali alipo kwenye kundi la WhatsApp la kazi pamoja na jina la mteja na picha moja ya geti. Zoezi hilo halimalizi dakika moja. Wateja wako wengi wanarudi wale wale, kwa hiyo baada ya wiki tatu hivi sehemu kubwa ya oda zitakuwa na pini iliyothibitishwa na mtu wenu mwenyewe, na mgeni atabaki mmoja mmoja.

Pini hizo zisibaki kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu zitazama chini ya ujumbe mwingine. Zihamishe jioni ile ile kwenye jedwali, Google Sheets au Excel, mteja mmoja mstari mmoja. Ukiifungua pini kwenye ramani na kuibonyeza kwa muda, utaona namba mbili kama 0.34760, 32.58250, ambazo ni za katikati ya Kampala. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Ziweke kila moja kwenye safu yake na uandike tarakimu tano baada ya nukta. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande. Tarakimu ya tano ni mita moja hivi, ya nne ni mita 11, na anayeishia kwenye ya tatu amekubali kukosea kwa mita mia.

Makosa ya hapa ni yale yale kila mahali. Mtu anageuza namba: 32.58 ikitangulia 0.35, mteja wako anahamia Algeria. Mtu anaandika koma badala ya nukta na jedwali linaichukua kama maandishi. Na mkianza kupeleka Masaka au Mbarara, kumbuka miji hiyo iko kusini mwa ikweta, latitudo yake ina alama ya kutoa. Masaka ni kama -0.33, 31.73, na alama hiyo ikisahaulika pini inaruka zaidi ya kilomita 70 kaskazini, huko kati ya Mityana na Mubende. Weka kanuni kwenye jedwali ipake rangi nyekundu latitudo yoyote isiyo kati ya 0.00 na 0.60, na longitudo isiyo kati ya 32.35 na 32.85. Kwa eneo mnalohudumia sasa hiyo inatosha kunasa karibu makosa yote ya kuandika.

Baada ya namba ongeza safu nyingine: simu ya anayepokea (si lazima awe aliyelipa), alama ya macho kama "geti jeusi, mkabala na mashine ya kusaga", saa za kupokea, dakika anazochukua kupokea, na maelezo ya njia. Hilo la mwisho usilidharau. "Mvua ikinyesha pita juu, daraja linafunikwa" ni taarifa ambayo ramani ya kimataifa haitakuwa nayo asubuhi ya Aprili, na anayepita Bwaise au Kalerwe msimu wa mvua anajua ninachosema. Upande wa saa, andika kwa mtindo wa saa 24. Hoteli inayotaka kuku saa 3 asubuhi iandikwe 09:00. Ukiandika 3 tu, programu itakupangia saa tisa za usiku.

Kwa wateja wanaoagiza kwa simu ya kitochi kuna kitu kinaitwa Plus Code. Ni msimbo wa herufi na namba ambao Google waliuanzisha na kuuacha wazi, yeyote autumie bure. Kila msimbo kamili ni kisanduku cha mita 14 kwa 14 hivi. Eneo lote la Kampala na Wakiso unalohudumia linaanza na 6GGJ, kwa hiyo ndani ya mji mtu anaacha hizo nne na kutaja sita zinazobaki pamoja na neno Kampala. Hauna vokali hata moja, wala sifuri, wala moja. Ukiona O au I kwenye msimbo ulioandikwa kwa mkono, ujue umekosewa. Mteja akiuandika ukutani karibu na simu, anaweza kuusoma kwa mdomo hata akiwa hana bando. Pale nyumba zilipobanana, kama Namuwongo, kisanduku cha mita 14 kinaweza kuwa na milango minne, na huko bado mtapigiana simu.

Tuje kwenye mpangilio wa safari. Ingiza jedwali lako kwenye Google My Maps, ambayo ni bure na inapokea mistari hadi 2,000 kwa tabaka moja, uone wateja wote kama nukta. Usikimbilie kuwagawa kwa ukaribu wa macho. Kampala ni vilima na mabonde ya mafunjo, na sehemu mbili zinazotazamana zinaweza kutenganishwa na tope. Bugolobi na Muyenga zinaonekana kama majirani kwenye skrini, lakini katikati yao kuna bonde la Nakivubo na reli, na mwenye pikipiki lazima azunguke kupitia Namuwongo. Northern Bypass, barabara kuu inayouzunguka mji upande wa kaskazini, nayo ni ukuta: unaivuka pale palipo na njia ya kuvukia tu. Gawa wateja kwa njia wanayofikiwa. Kwa mtu anayeanzia Kasangati, mafungu matatu yanajitokeza yenyewe. Mashariki ni Kira, Najjera na Namugongo. Katikati ni Kyanja, Kisaasi, Bukoto na Ntinda. La tatu ni wale wa mjini na kusini yake: Wandegeya, Kabalagala, Muyenga. Kijana mmoja kwa fungu moja, na awe yule yule kila siku. Akilizoea fungu lake, baada ya mwezi hataiangalia simu isipokuwa kwa mteja mpya.

Ndani ya fungu, nani aanze? Watu wanadhani ukiingiza vituo kumi kwenye Google Maps itakupangia. Haipangi. Inapokea hadi vituo tisa baada ya mwanzo, na inakupitisha kwa mpangilio ule ule uliouingiza, hata kama ni wa kipuuzi. Kazi yenyewe si ndogo: vituo 12 vinaweza kupangwa kwa namna 479,001,600. Programu maalumu hazizijaribu zote. Zinaanza na mpangilio wa kukisia, kisha zinabadilisha viwili viwili na kubaki na kila badiliko linalopunguza njia. Ziko za kulipia, na ziko za bure kama VROOM, ambayo inapatikana kupitia huduma ya mtandaoni ya openrouteservice na hutumia ramani ya OpenStreetMap. Hizo za bure zinahitaji mtu asiyeogopa kompyuta. Lakini kwa vituo 12 kwa kijana, fungu likiwa limekatwa vizuri, mtu mwenye akili akikaa na ramani robo saa jioni anapata mpangilio wa kutosha. Hapo ndipo ningekushauri ubaki kwa sasa.

Upange kwa saa kwanza, kilomita baadaye. Mahoteli yaliyo na saa yawekwe kama nguzo, majumbani yajazwe katikati. Foleni ya asubuhi ya barabara ya Gayaza inashuka kuelekea Kalerwe, kwa hiyo kijana wa mjini aondoke mapema kuliko wenzake, si wakati mmoja nao. Na kabla hujaamua safari iwe ndefu kiasi gani, nunua kipimajoto kidogo, kiweke kati ya kuku ndani ya boksi, jaza barafu kama kawaida, kisha andika joto kila nusu saa siku ya jua kali. Kuku mbichi wanatakiwa kubaki chini ya nyuzi 5. Joto likifika tano baada ya saa mbili na nusu, basi hiyo ndiyo saa ya mwisho ya safari yenu, na utoe humo akiba ya nusu saa kwa ajili ya foleni. Kama mzunguko hautoshi ndani ya muda huo, punguza vituo, ongeza barafu, au gawanya safari mbili. Nina hakika hoteli mbili zilizokuacha zinahusika zaidi na kipimo hiki kuliko na ramani.

Kuna muda mwingine unaopotea bila kuonekana: muda wa getini. Mwambie kila kijana aandike saa ya kufika na saa ya kuondoka kwa siku tano. Tuseme wastani ni dakika 9 kwa kituo: kupiga simu, kusubiri mlinzi, kupima tena, kungoja pesa za simu ziingie. Vituo 12 ni dakika 108. Ukizishusha hadi 5 kwa kupima na kuandika uzito kabla ya kuondoka, kumtumia mteja ujumbe kijana akiwa kituo kimoja nyuma, na kupokea malipo mapema kwa wateja wa majumbani, zinabaki 60. Umeokoa dakika 48 kwa kila kijana bila kubadilisha njia hata moja. Hakuna programu ya njia itakayokupa hizo.

Mafuta nayo yapigie hesabu kabla ya kumjibu muuzaji. Soma kilomita za pikipiki asubuhi na jioni kwa wiki. Tuseme kila moja inatembea 80 kwa siku, na baada ya kupanga inatembea 60. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita imeokoa nusu lita. Kwa tatu, siku 26 za kazi, ni lita 39 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kituo chenu cha mafuta, uweke karibu na malipo ya mwezi anayodai huyo bwana. Kama yake ni kubwa, mafuta peke yake hayamlipi. Na kumbuka zile lita 39 unazipata kwa jedwali na mpangilio, awepo asiwepo.

Kuhusu vijana na simu barabarani. Simu isifungwe kwenye usukani katikati ya mji, kwa sababu mbili: inanyakuliwa kwenye foleni, na mtikisiko wa injini huharibu kamera. Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2021. Iwe mfukoni, sauti ikisikika sikio moja tu, na akitaka kuangalia ramani asimame pembeni. Ukiona alama ya pikipiki kwenye ramani, ichague. Ya gari inaweza kumpeleka Entebbe Expressway, yenye malipo na isiyoruhusu boda, na muda itakaokadiria utakuwa wa mtu aliyekwama kwenye jamu. Pakua ramani ya eneo lote kwenye simu, iwe ya Google au Organic Maps inayotumia OpenStreetMap, ili bando likiisha kazi isisimame. Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, biashara zenye pini mtandaoni peke yake zilikwama. Chapisha jedwali mara moja kwa mwezi.

Ukikuta njia inayotumika haimo, au imechorwa ikipita kwenye ukuta, pendekeza marekebisho. Google hupitia kwanza kabla ya kukubali. Kwenye OpenStreetMap unachora mwenyewe na hubadilika haraka, ila usinakili kutoka Google, ni kinyume cha leseni, na usiweke humo jina wala simu ya mteja.

Hilo linanileta kwenye sheria, kwa ufupi. Pini ya nyumba ya mtu, jina na simu yake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kanuni zake za 2021 zinaweka utaratibu wa kujisajili kwa ofisi inayosimamia data binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Kwako maana yake ya kila siku ni hii: waambie wateja unahifadhi lokesheni yao kwa ajili ya mzigo tu, jedwali lisifunguke kwa kila mwenye kiungo, kijana apewe orodha ya fungu lake la siku hiyo si ya wateja wote, na anayeacha kazi aondolewe siku ile ile. Kijana anayeondoka na jedwali zima ameondoka na nusu ya biashara yako.

Je, traka haina faida? Inayo. Pikipiki ikiibwa unaitafuta. Ukibishana na kijana juu ya kilomita, una rekodi. Mteja akidai hakufikiwa, unaona pikipiki ilisimama getini saa 4 na dakika 12. Kama pikipiki ni zako, ni kitu cha kufikiria baada ya miezi miwili ya kazi niliyokueleza. Kama ni za vijana wenyewe, mkubaliane kwa maandishi kwanza, na isirekodi nje ya saa za kazi. Kifungwe na fundi wa umeme wa magari unayemwamini, chenye fyuzi yake na waya uliofichwa mbali na moto wa injini. Nyaya zikiunganishwa ovyo, betri hunyonywa usiku kucha au plastiki huyeyuka, na asubuhi pikipiki haiwaki.

Muuzaji akirudi, mwombe ajaribu mfumo wake kwa wiki mbili kwa pini zako ishirini, zikiwemo tano ngumu kabisa, na muulize maswali haya: nikiacha kulipa, je, rekodi zangu natoka nazo kwenye faili la kawaida? Unapanga vituo au unaonyesha tu pikipiki ilipo? Laini ya simu iliyo ndani analipa nani? Akikwepa la pili, ameshakujibu.

Kuna hatua ambayo ushauri wa kusoma hautoshi tena. Mkifika oda 60 au zaidi kwa siku, au pikipiki tano na kuendelea, au mkifungua kituo cha pili cha kuchinjia, kupanga kwa macho kutaanza kukugharimu. Hapo tafuta mtu wa GIS, yaani mtaalamu wa ramani na data za mahali kwa kompyuta, akae nanyi siku mbili, azunguke na vijana, kisha akuwekee programu ya kupanga njia inayosoma jedwali lako moja kwa moja. Makerere wana idara ya jiomatiki na usimamizi wa ardhi, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta mradi wa kweli anaweza kukufaa kuliko kampuni yenye kadi nzuri. Mpe jedwali lililosafishwa, kilomita za mwezi mmoja na dakika za getini. Bila hivyo vitatu, siku yake ya kwanza yote itaishia kuwapigia wateja wako simu akiwauliza wanakaa wapi.